Nafasi ya Mtu Mmoja Kwenye Picha

Nkoma, Mbale
12 Januari 1981

Mdogo wangu Jamil,

Assalaam alaykum. Huku sisi wazima, ila goti langu limeanza tabia za goti la marehemu mama: mvua ikiwa bado iko juu ya mlima Wanale, lenyewe limeshajua. Watoto wa shemeji Abdu walikuwa na surua, wamepona. Sabuni imeanza kuonekana tena sokoni, ingawa ukiinunua bado unaangalia nyuma kama mwizi. Kagoya mkeo hajambo? Nasikia mmehama nyumba. Nimesikia kwa kondakta wa basi. Mimi ni dada yako wa tumbo moja, kwa hiyo bila shaka ni haki yangu kusikia kwa kondakta.

Sasa jambo lenyewe. Mwanangu Mastula ameposwa. Kijana anaitwa Rajab, ana meza ya vitambaa sokoni, anaswali, hanywi. Mama yake, Bi Nabifo, analima vitunguu chini ya Wanale na ana ulimi mkali kuliko kisu cha kumenyea matoke, lakini hatuposwi na mama mtu. Nikaha ni tarehe 14 Machi, hapa hapa nyumbani. Abdu atasimama kuwa walii wa kumwozesha, kwa kuwa ni mdogo wake Bakhit na Bakhit mwenyewe, baba wa binti, yuko safarini.

Picha utapiga wewe. Siwezi kumwita mtu wa mtaani ilhali ndugu yangu ana studio Jinja. Watu watasema tumegombana. Nataka picha za heshima. Bibi harusi ameketi, bwana harusi amesimama, mkono begani. Wazee wa upande wao, wazee wa upande wetu. Kila mtu wima, macho kwenye kamera, midomo imefungwa. Halafu ile kubwa ya familia: mimi kwenye kiti katikati, Mastula na Rajab kushoto kwangu, na upande wangu wa kulia uache nafasi ya mtu mmoja. Usimweke mtu pale. Abdu atataka kusimama pale, mwondoe.

Njoo siku moja kabla. Nakujua.

Dada yako,
Hajarah


Jinja
5 Februari 1981

Dada Hajarah,

Shikamoo, na pole kwa goti. Ni kweli tumehama. Nyumba ile paa lake lilitobolewa kwa risasi wakati wa vita, na kila mvua ikinyesha tulikuwa tunakumbushwa. Nilitaka kukuandikia, nikawa nangoja tupake chokaa kwanza ili nikupe habari ikiwa nzuri. Kondakta amenitangulia. Kagoya anakusalimu, amepata jiko lenye mlango na hataki kutoka humo.

Hongera kwa Mastula. Nitakuja, tena siku moja kabla.

Kuhusu picha, tuelewane mapema. Mikanda ya picha ni shida. Mtu wangu wa Busia amenipatia miwili, nyeusi na nyeupe. Ya rangi usiniulize. Jambo la pili, dada, mimi siku hizi sipangi watu.

Usikasirike, nisikilize. Miaka yote ile ya utawala wa wanajeshi, kazi yetu studio ilikuwa picha za vitambulisho. Mtu anaingia, anakaa kwenye stuli, namwambia asitikisike. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Siku zile hakuna aliyetikisika. Vita vilipokwisha watu wakaanza kuoa tena. Nikawapanga kama zamani, nikasafisha picha, nikaziona sura zile zile. Bwana harusi amesimama kama anayengoja jina lake liitwe. Nikachoka.

Sasa nafanya hivi. Nafika asubuhi na mapema, nazunguka na kamera mpaka watu wachoke kuniangalia. Flashi situmii, maana flashi inamshtua mtu halafu inampaka uso unga. Natafuta mlango au dirisha, mahali mwanga unapomwingilia mtu kwa ubavu, nasubiri. Mtu akinitazama, nashusha kamera. Akinisahau, napiga. Watoto nawapiga nikiwa nimechutama, niwe kimo chao. Masufuria na majirani walioko nyuma siwaondoi, kwa sababu ndivyo harusi yenyewe ilivyokuwa. Mwaka jana nilipiga hivyo harusi ya binti wa Mugweri, yule fundi saa. Mugweri alininunia, akapita dukani kwangu bila salamu, mwisho akarudi kuomba nakala za jamaa zake wote.

Lakini kwa kuwa ni wewe, ile ya familia nitaipiga unavyotaka, wote wima. Hiyo nafasi ni ya nani?

Mdogo wako,
Jamil


Nkoma, Mbale
22 Februari 1981

Jamil,

Marahaba. Tu wazima. Goti vilevile. Mbuzi wameshapatikana.

Sikukuuliza siku hizi unafanyaje. Binti wa Mugweri si binti yangu. Hapa kuna wakwe watakaozitundika picha hizo ukutani, na sitaki mjukuu wangu aje kuuliza kwa nini bibi yake amechutama jikoni. Tena usizunguke na kamera kama mpelelezi. Watu wa hapa wapelelezi hawajawasahau.

Nafasi ni nafasi. Iache.

Ukipata mchele mzuri, lete.

Hajarah


Jinja
11 Aprili 1981

Dada Hajarah,

Shikamoo. Natumaini umepumzika baada ya shughuli. Kagoya bado anasimulia pilau yako kwa majirani wapya, ambao sasa wanatuona watu wenye jamaa. Mastula na Rajab walipita hapa wakienda Kampala, wakala, wakalala, wakaondoka wazima.

Samahani kwa kuchelewa. Hapa Jinja tunalitazama bwawa la umeme kwa macho, na umeme wenyewe unakatika kila siku. Dawa ya kusafishia picha niliingoja kutoka Kisumu mpaka nikakata tamaa.

Abdu anakuletea bahasha. Nimezipanga picha kama siku ilivyokwenda, tangu asubuhi mpaka gari la harusi lilipoondoka. Nakuomba uziangalie zote pamoja, taratibu, kabla hujasema neno.

Ile ya familia haimo. Mkanda uliisha. Nisamehe.

Jamil


Nkoma, Mbale
3 Mei 1981

Jamil,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha kusalimia. Huku wazima. Kuku wangu mweupe amekufa.

Nimeziangalia picha zote pamoja, taratibu. Sasa nimekasirika taratibu.

Bi Nabifo anatafuna mfupa. Mama mkwe wa binti yangu, Jamil, shavu limefura na mfupa umetokeza. Rajab ametumbulia macho sinia la pilau wakati ambapo Abdu anatamka maneno ya nikaha. Mtu akiiona atadhani kijana anaozwa sinia. Sheikh anajikuna sikio. Pazia langu lililotoboka, ambalo nililikunja makusudi lisionekane, umelitafuta ukalipata. Halafu kuna picha ya mkono. Mkono mtupu, una hina, hauna mtu. Niliwaonyesha wakwe. Bi Nabifo akaigeuza huku na huku, akauliza, "Sasa hii mkono ni ya nani?" Nikamwambia ni wa binti yangu, na kwamba sehemu zake nyingine mpiga picha hakuzipenda.

Alicheka mpaka akakohoa. Ameichukua ile ya mfupa kwenda kuwaonyesha dada zake. Hilo halikuondolei lawama.

Sasa niambie: nani alikutuma kumpiga picha Otim? Unajua vizuri kwamba mimi na huyo askari jela hatusalimiani. Ni jirani, nyumba yake iko pale nyuma, lakini langoni kwangu nilimkataza tangu mwaka ule wa vita na sababu unaijua. Hakualikwa. Alikuja na sare zake na mkeka wa zawadi, akajibanza karibu na jiko, nikamwacha kwa sababu harusini mtu hafukuzwi. Wewe ukaenda kumpiga picha, tena akiwa na Mastula. Amevua kofia ameishika kifuani, na Mastula amemsogelea, shela limemteleza, uso umemvunjika kama mtu msibani. Hiyo ni picha ya harusi? Nilitaka kuitia motoni, Mastula akaninyang'anya. Zile nyingine kaniachia. Hiyo ameifungia sandukuni mwake.

Na mkanda haukuisha. Abdu anasema baada ya gari la harusi kuondoka ulikuwa unawapiga picha watoto wakikomba sufuria. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, Jamil. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa nini hukunipiga?

Hajarah


Jinja
29 Mei 1981

Dada Hajarah,

Shikamoo. Pole kwa kuku. Huku Kagoya alikuwa na malaria, sasa anatembea. Barua yako ilifika siku ile ile nilipopoteza ufunguo wa studio, kwa hiyo niliisoma nimekaa nje juu ya ngazi, wapita njia wakinitazama.

Nianze na mepesi. Bi Nabifo, tangu nifike kwenu, hakuwa ametabasamu hata kidogo. Alikuwa amekaa kama hakimu. Ule mfupa ndio uliomrudishia ubinadamu, na ndipo nilipopiga. Rajab hakuwa analitazama sinia. Alikuwa ameinamisha kichwa, na sinia lilikuwa limewekwa pale na Abdu mwenyewe. Mkono wa Mastula niliupiga kwa sababu ulikuwa unajifumba na kujifumbua na uso ulikuwa haujui. Uso wa bibi harusi umefundishwa na mashangazi. Mkono hakuna aliyeufundisha.

Sasa jingine. Umelalamika kwa niaba ya kila mtu kasoro mmoja. Mbona wewe mwenyewe hukujitaja? Uko kwenye picha nyingi. Zitoe tena uziangalie. Mastula anapakwa hina, wanawake wote wameinama juu ya miguu yake, wewe unatazama langoni. Abdu anamwozesha binti, watu wote macho kwa Abdu, wewe unatazama langoni. Unagawa chakula, mwiko uko hewani, shingo imegeukia lango. Sikukupanga. Nilikufuata siku nzima nikisubiri ugeuke.

Ni kweli, mkanda haukuisha. Nilipokuja kupiga ile ya familia ulikuwa umekaa kwenye kiti, na mkono wako wa kulia umeunyoosha juu ya ile nafasi, kama mtu anayemshikia mwenzake kiti kwenye basi. Nikainua kamera. Nikaishusha. Nikainua tena, ikanishinda. Nikasema mkanda umeisha kwa sababu ndilo neno lililokuja.

Niambie wewe mwenyewe nafasi ile ilikuwa ya nani. Nikilitaja mimi utasema nimekutukana.

Kuhusu Otim, sikusikia walichokuwa wanasema. Nilikuwa mbali, karibu na pipa la maji.

Jamil


Nkoma, Mbale
24 Juni 1981

Jamil,

Marahaba. Kagoya anywe maji ya mwarobaini asidharau. Ramadhani inakaribia na sukari haionekani.

Ndani ya bahasha hii kuna picha ya Bakhit ya mwaka tuliooana. Sina nyingine, kwa hiyo uishike kwa vidole safi. Zamani pale studioni mlikuwa mnaunganisha picha. Mlimweka yule Haji aliyekuwa Maka kwenye harusi ya mwanawe, na watu wakaapa walimwona. Basi chukua picha yangu yoyote, hata hiyo ya langoni kwa kuwa umeipenda, uniweke katikati, Mastula na mumewe kushoto, na Bakhit kulia kwangu. Akirudi akute kwamba kwenye harusi ya binti yake alikuwepo. Ni hilo tu nililokuwa nataka. Kazi yako ilikuwa kubonyeza mara moja.

Natazama langoni kwa sababu lango ni langu.

Na usinijibu kijanja. Unasema hukusikia alichosema Otim. Sikuuliza ulisikia nini ukiwa kwenye pipa. Mastula alilala kwako Jinja baada ya harusi, na mtoto huyo hajawahi kulala na neno moyoni tangu azaliwe. Tangu arudi ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Nimemuuliza kulikoni, anasema, "Hakuna kitu, mama." Alikuambia nini?

Hajarah


Jinja
16 Agosti 1981

Dada Hajarah,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imepita. Nimekaa na barua yako Ramadhani nzima. Kila nikianza kujibu nilikuwa nasema nitamaliza baada ya futari, na baada ya futari nasema nina usingizi. Kagoya amepona. Chokaa imeanza kubambuka, kwa hiyo niliyokuwa naingoja kabla ya kukuandikia ilikuwa kazi bure.

Nilijaribu, dada. Nataka ujue kwamba nilijaribu. Nilikata, nikabandika, nikapaka kingo rangi, nikapiga tena picha juu ya picha. Kwako jua linatoka kushoto, kwake linatoka kulia. Hilo ningelidanganya. Lakini Bakhit kwenye picha hii ana umri wa Rajab. Hana mvi hata moja. Nilimwonyesha Kagoya bila kumwambia kitu, akauliza, "Huyu kijana aliyesimama na wifi ni mtoto wa nani?"

Nimeichana. Ya kwake mwenyewe nakurudishia salama, na alama za vidole hazimo.

Sasa nitaandika mambo ambayo unayajua, kwa sababu hatujawahi kuyasema. Mwezi wa Aprili mwaka ule wa vita, jeshi la zamani likiwa linakimbilia kaskazini na wakombozi wanakuja nyuma yake, shemeji Bakhit alipakia maharage kwenye lori akashika njia ya mji wa Kumi. Ulimkataza. Akasema Ijumaa atakuwa nyumbani. Ijumaa haikuja naye, wala iliyofuata. Barabara zilipofunguka Otim alikuja kwako kukuambia kwamba alipita njia ile na wenzake wa magereza, akaliona lori limeungua kando ya shamba. Ukamfukuza. Mimi na Abdu tukaenda. Tukaliona. Tulirudi tukakuambia namba ya gari ni ile ile, ukasema namba hukosewa. Abdu akanitazama, mimi nikamtazama Abdu, tukanyamaza. Tulinyamaza kwa kukupenda au kwa kukuogopa, mpaka leo sijui.

Dada, mimi napiga picha za watu jinsi walivyo kwa sababu siwezi tena kazi ya kuwafanya waonekane wasivyo. Hata kwako. Ukitaka unikasirikie mpaka nife.

Mastula aliniambia alichomuuliza Otim. Akaniomba nisikuambie, na sitakuambia. Lakini hakuniomba nikuzuie kuuliza.

Mdogo wako,
Jamil


Nkoma, Mbale
27 Septemba 1981

Mdogo wangu Jamil,

Assalaam alaykum. Tu wazima sote. Abdu amepata mtoto wa kiume, jina bado wanagombania. Goti limetulia, labda kwa sababu nimelitembeza.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikasema sitakujibu tena. Nilikaa hivyo mpaka Mastula alipokuja kunisalimia siku ya soko. Nikamwambia, "Nenda kaniletee ile picha."

"Ipi, mama?"

"Usinifanye mjinga."

Akaenda kwake, akarudi nayo ndani ya kanga. Nikaiweka mezani. Nikamuuliza, "Otim alikuwa anakuambia nini hapa?"

"Hakuniambia. Mimi ndiye niliyemuuliza."

"Ulimuuliza nini?"

Akasema, "Nilimuuliza baba amelazwa wapi."

"Siku ya harusi yako?"

"Ningemuuliza siku gani, mama? Siku nyingine zote ulikuwa umemfungia lango."

Sikumpiga. Ningekuwa na nguvu ningempiga, halafu ningempiga mjomba wake. Nilitoka nje nikachambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Mastula akaja akakaa karibu nami, akawa anaziokota zile ninazodondosha. Nilipoingia ndani kuosha mikono picha ilikuwa bado iko mezani. Nikamtazama mwanangu mle. Nikaona kwamba siku ile alikuwa anasikia habari za msiba wa baba yake peke yake, na shela kichwani, mimi nikiwa hatua chache nagawa nyama.

Kesho yake nilikwenda kwa Otim kwa miguu yangu. Nilimkuta anapiga pasi sare. Aliponiona akaiweka pasi juu ya jiwe, akanipa stuli.

"Afande Otim," nikamwambia, "nimekuja."

"Karibu, Mama Mastula."

"Ile habari uliyoniletea mwaka ule. Nipe sasa."

Akasema, "Mimi nilikuja, wewe nafukuza mimi."

"Nilikufukuza."

Akasema, "Mimi pia kama ni mimi, nafukuza. Jumapili niko ofu. Twende."

Tulikwenda kwa pikapu ya rafiki wa Abdu: mimi, Mastula, Abdu na Otim. Lori halipo tena. Watu wamekata vyuma, wamefanyia majembe na milango. Otim alitupeleka kwa mama mmoja anaitwa Eseza, mwenye shamba la karanga pale kando ya njia. Yeye na mumewe ndio waliowazika watu wa lori lile. Siku zile kila aliyepita alikuwa na bunduki, na aliyezika alijificha kama aliyeua. Walichimba alfajiri, wakalaza watu watatu pembeni mwa shamba. Karanga zote zinazunguka mahali pale. Hapo hajatia jembe.

Nilimuuliza kama anakumbuka sura zao. Akasema sura alijitahidi asizitazame. Lakini mmoja, yule mrefu, kidole chake cha shahada mkono wa kulia kilikuwa kimenyooka, hakikunjiki. Akanionyesha kwa kidole chake.

Unakijua kidole hicho. Kilivunjwa na mtarimbo wa kuwashia lori, Mastula akiwa bado anatambaa. Nilimkanda kwa maji ya chumvi mwezi mzima na hakikukunjika.

Eseza aliniomba radhi kwamba hawakujua dua za Kiislamu, wakasema tu Baba Yetu. Nikamwambia waliwazika wakati wenyewe wakiogopa kufa, na hilo Mungu analijua kwa lugha zote. Kisha nikakaa chini kwenye udongo. Mastula alilia, Abdu alilia, Otim alikwenda kusimama mbali. Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira na maharage, na ile Ijumaa, na Bakhit mwenyewe ambaye nilimwambia asiende. Nilimwambia pale pale, kwa sauti, mbele ya watu. Nikamaliza ndipo nikalia.

Hitima tutaisoma Jumamosi tarehe 17 Oktoba, hapa nyumbani. Njoo na Kagoya. Njooni Alhamisi, maana sufuria kubwa ya msikiti lazima mtu mwenye nguvu aende kuibeba, na Abdu ana mgongo. Otim nimemwalika kwa mdomo wangu. Bi Nabifo ataleta vitunguu na maneno yake.

Ile picha ya Otim na Mastula sijaipenda, na usinitegee nije niipende. Nimemwambia Mastula aitoe sandukuni kwa sababu picha inashika ukungu humo. Ile ya mkono, uje uichukue kwa mkono wako mwenyewe.

Sheikh nilimuuliza kuhusu eda. Akasema eda ya mjane huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku alipopata habari, kwa hiyo yangu ilikwisha mwaka ule ule. Nikamuuliza inakwishaje na mimi nilikuwa bado namfunikia mtu chakula kila jioni. Akasema sheria ndivyo ilivyo. Nikamwambia sina ugomvi na sheria, lakini nitakaa ndani siku zangu chache hata kama hazimo kitabuni, na nikitoka, nitoke nikijua nimetoka. Akafikiri, akasema hakuna wa kunikataza. Nimeanza jana.

Dada yako,
Hajarah